Gofu ya ufukweni: mpira upite chini ya upepo
Ukipata nafasi ya kucheza Old Course kule St Andrews, Uskoti, au kiwanja kingine cha pwani cha namna ile, usiwe na haraka ya kuinua mpira juu. Ardhi ni ya mchanga, nyasi fupi na ngumu, kwa hiyo mpira ukitua unakimbia wenyewe. Ukiurusha juu, upepo wa bahari unaupeleka unakotaka.

Pale ambapo ungetumia fimbo namba 8, chukua namba 6, inayorusha mpira chini zaidi. Weka mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu, shika fimbo chini kidogo, piga kwa robo tatu ya nguvu zako na umalizie mikono ikiwa usawa wa kifua. Kupiga taratibu ndiko kunakosahaulika zaidi. Ukitumia nguvu dhidi ya upepo, mpira unazunguka sana na kupanda.

Zikibaki mita 20 kufika grini, yaani eneo la nyasi fupi sana lenye shimo la kulenga, na njia iko wazi, toa pata, ile fimbo bapa ya kusukumia. Ndiyo, ukiwa bado nje ya grini.

Mashimo ya mchanga pale Old Course yapo zaidi ya 100, mengine kuta zake zimesimama wima. Ukitumbukia, toa mpira hata kwa kurudi nyuma, usilazimishe mbele. Ukiwa na shaka kwenye pigo la kwanza, lenga kushoto, maana hatari nyingi za vichaka na mipaka ziko kulia, kwenda na kurudi. Jumapili kwa kawaida hakuchezwi, panga safari mapema.