Kuchagua Nguruwe wa Mbegu kwa Maeneo ya Joto

Nguruwe hana jasho la kutosha kumpoza, hivyo joto la banda likizidi nyuzi 25 hupunguza kula, na ukuaji wake hushuka. Mfugaji wa Morogoro au Kibaha anahitaji kivuli na maji, lakini anahitaji pia mbegu iliyochaguliwa katika joto hilohilo, kwa kuwa dume aliyenenepa kwenye baridi ya Mbeya hajathibitisha lolote huku.

Anza na kumbukumbu. Kila mtoto awe na hereni au alama ya sikio, na daftari lioneshe mama, baba, tarehe ya kuzaliwa na uzito wa siku ya kuachishwa kunyonya.

Hatua ya pili ni kuwapima wakifikisha miezi mitano, asubuhi kabla ya kula. Usipokuwa na mizani, zungusha futikamba kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, nguruwe akiwa amesimama na kichwa kimenyooka. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3; mwenye mzunguko wa mita 0.9 na urefu wa mita 1 ana takriban kilo 56. Linganisha tu waliozaliwa msimu mmoja na kulishwa chakula kimoja.

Hatua ya tatu huhitaji uangalifu zaidi. Saa nane mchana, hesabu kwa dakika moja jinsi ubavu unavyopanda na kushuka, kisha angalia hori. Anayehema taratibu huenda ametulia kwa sababu tu hakula, na ukimchagua huyo utazalisha nguruwe wavumilivu waliodumaa. Mbakize jike ambaye pumba na mashudu yake yameisha, uzito wake uko juu ya wenzake, na bado hahemi kwa kasi kuwazidi.

Mwisho ni dume. Asiwe ndugu wa majike yako. Kwa nguruwe wa nyama, dume wa aina ya Duroc juu ya jike chotara wa aina za Large White na Landrace hufaa sana. Majike wakirudia kutaka dume baada ya siku 21, usiharakishe kumchinja dume huyo: joto kali huharibu mbegu zake kwa wiki kama sita, kisha hurejea. Wala usimwazime dume wa jirani, kwani anaweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba, na banda zima linaweza kuteketea.