Tovuti ya biashara unayoibadilisha mwenyewe: WordPress kwa mfanyabiashara wa Mwanza

Bei ya gunia la dagaa pale Mwaloni Kirumba haikai. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa kama gizani, na mzigo hupungua. Mvua ikishika siku mbili, dagaa hawakauki. Kwa biashara ya namna hii, tovuti inayokulazimu kumpigia fundi kila bei inapobadilika ni hasara. Unachohitaji ni mfumo wa kusimamia maudhui: programu inayokaa kwenye seva (kompyuta iliyo hewani muda wote, unayoikodi kwa kampuni), unaingia kwa nenosiri lako, unaandika bei mpya, unabonyeza, imekwisha.

Mifumo ipo mingi. Sisi tunashauri WordPress kwa sababu ni bure, ipo tangu 2003, na fundi wako akihama mji utampata mwingine anayeijua. Usichanganye tu: WordPress.com ni huduma ya kampuni inayokuhifadhia tovuti kwa masharti yake, na WordPress.org ndipo inapopatikana programu ya kuweka kwenye seva yoyote. Maelezo haya ni ya hiyo ya pili.

Anza na jina, mfano linaloishia na .co.tz. Lisajiliwe kwa jina la biashara yako, kwa barua pepe yako, na nenosiri la akaunti uwe nalo wewe. Hapa ndipo watu wanapoumia kuliko popote. Jina likiwa chini ya fundi na fundi hapokei simu, siku muda wake unapoisha tovuti inazimika pamoja na barua pepe zote. Kwa kampuni inayokukodisha seva, uliza bei ya mwaka wa pili (ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni ya kukuvutia) na kama cheti cha usalama (ndicho kinachofanya anwani ianze na https) kimo bila malipo. Cha Let's Encrypt, kinachotolewa bure, kinatosha.

Kusakinisha ni kazi ya dakika chache. Ndani ya cPanel (ukurasa wa kuendeshea seva yako) tafuta Softaculous, kisakinishi cha programu, chagua WordPress, kisha chagua anwani inayoanza na https. Jina la mtumiaji lisiwe "admin", ndilo wezi wanalolijaribu kwanza. Ukishaingia, nenda "Settings". Kwenye "General" weka saa za Dar es Salaam. Kwenye "Permalinks", yaani muundo wa anwani za kurasa, chagua "Post name" kabla hujachapisha kitu, maana ukibadilisha baadaye viungo ulivyokwisha kuwatumia wateja vinaweza kufa. Kwenye "Reading" hakikisha kisanduku cha kuzuia mitambo ya utafutaji hakina tiki. Mafundi hukitia tiki wakati wa kujenga wakasahau, na Google haikuoneshi miezi na miezi.

Kurasa nne zinatosha: Mwanzo, Bidhaa na Bei, Tulipo, Mawasiliano. Kwenye Tulipo, elekeza kama unavyomwelekeza bodaboda.

Ukurasa wa bei utengeneze hivi. Bonyeza alama ya kujumlisha, chagua "Table", weka safu wima tatu: bidhaa, kipimo, bei. Juu ya jedwali andika tarehe, mteja wa Shinyanga au Dodoma ajue bei ni ya lini. Siku bei inapobadilika, fungua ukurasa kwa simu, gusa namba, andika mpya, badilisha tarehe, bonyeza "Save". Ukiona bado ni ya zamani usiandike upya: mara nyingi ni nakala iliyohifadhiwa na programu-jalizi (programu ndogo ya kuongeza kwenye WordPress) ya kuongeza kasi. Iambie ifute akiba yake, kisha fungua tena.

Picha ndizo zinazoua tovuti. Picha ya simu huwa na MB 3 hadi 5, na kumi zake zinakula bando la mteja kabla hajaona bei. Ipunguze kwanza hadi upana wa pikseli 1200 na uzito usiozidi KB 150, ndipo uipandishe.

Kitufe cha WhatsApp ni kiungo tu: wa.me/255 kisha namba yako bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Kijaribu kwa simu ya mtu mwingine.

Kila wiki chukua nakala rudufu. Programu-jalizi ya UpdraftPlus hufanya hivyo na kuipeleka Google Drive. Nakala inayokaa kwenye seva ileile itapotea na seva. Masasisho yafanye baada ya nakala, programu-jalizi moja kwa wakati, ukiangalia tovuti kila mara. Ikianguka, ingia cPanel, "File Manager", fungua wp-content/plugins, ubadilishe jina la folda ya ile uliyosasisha mwisho. Programu-jalizi hiyo itazimika, na kwa kawaida tovuti hurudi. Usiweke kamwe zile za kulipia zinazogawiwa bure mitaani. Nyingi zimepachikwa msimbo wa wizi.

Mfanyakazi anayebadilisha bei mpe akaunti yake yenye cheo cha "Editor". Atahariri kurasa, lakini hawezi kusakinisha wala kufuta programu-jalizi. Akiacha kazi, futa akaunti hiyo siku hiyohiyo, na WordPress ikiuliza ifanye nini na alichoandika, chagua kikabidhiwe kwako. Ukichagua kufuta, ukurasa wa bei alioutengeneza unaondoka naye.