Kukagua gari dogo lililotumika linaloendeshwa na magurudumu yote manne kabla ya kulinunua kwa ajili ya familia

Kabla ya kuzungumzia bei, hakikisha kwamba gari unalolitaka linaendeshwa kweli na magurudumu yote manne, kwa sababu magari kama Toyota RAV4 na Honda CR-V yametengenezwa pia kwa aina inayovutwa na magurudumu ya mbele pekee, na kwa nje ni vigumu kuyatofautisha. Nembo ya mlango wa nyuma si ushahidi. Inama uchungulie chini, na usipoona difu ya nyuma (kisanduku cha gia kilicho kati ya magurudumu ya nyuma) wala shafti ndefu (mhimili wa chuma unaozunguka) inayoifikia kutoka mbele, basi unauziwa gari la kawaida lililoinuliwa kidogo.

Ukiwa hapo chini, tazama kutu kwenye chesisi na oili inayovuja. Kisha linganisha matairi yote: yawe ya saizi moja na yawe yamelika kwa kiasi kinachokaribiana, kwani tairi jipya likichanganywa na kuukuu huzunguka kwa kasi tofauti na kuuchosha mfumo wa kugawa nguvu, ambao matengenezo yake ni ghali. Endesha polepole huku umekata usukani hadi mwisho; gari likikwamakwama au kugongagonga, usilipe kabla fundi wako hajalikagua.

Familia nayo ije. Funga kiti cha mtoto nyuma, kisha mtu mzima mrefu akae mbele yake, maana hapo ndipo magari haya hubana. Na kama njia zenu ni za lami mwaka mzima, sioni sababu ya kugharimia mafuta ya ziada yanayotumiwa na gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne.