Mpe mwanagenzi barua taka moja kila wiki

Ukimlea mwanagenzi wa usalama wa mtandao, mtake kila wiki achague barua pepe moja ya ulaghai kutoka kwenye folda yake mwenyewe ya barua taka, afungue maandishi yake ghafi bila kubofya kiungo chochote, asome mistari ya Received, inayoonyesha seva ambazo barua ilipitia, kuanzia chini kwenda juu (ya chini kabisa huweza kughushiwa, mkumbushe), aangalie matokeo ya SPF, DKIM na DMARC (vipimo vinavyokagua kama barua imetoka kweli kwenye kikoa inachodai, yaani jina linalofuata alama ya @), kisha aandike nusu ukurasa: nini kimetokea, amejuaje, na hatua gani ichukuliwe. Nimeona vijana wanaojua zana nyingi wakikwama wanapotakiwa kueleza walichokiona, ilhali kazi ya mchambuzi anayeanza ni, kwa sehemu kubwa, kupambanua tahadhari zinazotolewa na mifumo ya ulinzi na kuziandikia maelezo ambayo mwenzake wa zamu inayofuata ataweza kuyafuata. Zoezi hupotosha pale barua inapotoka kwenye akaunti halali iliyodukuliwa, kwa kuwa vipimo vyote vitatu huweza kupita na mwanagenzi akaitangaza kuwa salama. Mweleze mapema kwamba vipimo hivyo huthibitisha kikoa, si nia ya mtumaji. Zoezi hufa kabisa iwapo mlezi hasomi kilichoandikwa.