Kabla ya Kumpeleka Kijana Mgonjwa wa Akili Soba Hausi

Mzazi ambaye mtoto wake wa kidato cha tatu ameacha kulala, anaongea peke yake na anamtuhumu mama yake kuwa anamtilia sumu kwenye uji, huambiwa haraka na majirani kwamba ni bangi tu na kwamba dawa yake ni soba hausi. Huenda ni bangi kweli. Huenda pia ni skizofrenia, ambayo mara nyingi huanza kujitokeza kati ya mwisho wa balehe na mwanzo wa utu uzima, au kifafa, au hata malaria iliyopanda kichwani. Soba hausi, au nyumba za upataji nafuu kama zinavyoitwa rasmi Tanzania, zililenga hasa waraibu wa heroini, na nyingi huendeshwa na watu waliopitia uraibu wenyewe. Wanaujua uraibu vizuri, lakini hawakusomea ugonjwa wa akili.

Kwa hiyo anzia hospitali ya rufaa ya mkoa. Nenda na karatasi uliyoandika tangu lini halali, anasikia nini na anatumia nini, ili apimwe na kuonwa na mtaalamu wa afya ya akili. Kituo kifuate endapo tu daktari amethibitisha uraibu na amekubali kuendelea kumfuatilia.

Ukifika kituoni, usianze na ada. Omba kuona usajili: Tanzania, uliza kama kituo kinatambuliwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Kenya, uliza ithibati ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kisome cheti chenyewe, kwani kile kilichotundikwa ukutani kinaweza kuwa cha kuhudhuria semina. Taka jina la daktari anayekitembelea, kisha umpigie wewe mwenyewe. Kagua wanapolala walio chini ya miaka 18, na kama komeo la mlango liko nje. Uliza anafanywaje anayegoma kwenda kwenye kikao. Ukijibiwa kwamba hapa wote hunyooka, rudi na mtoto wako nyumbani. Kataa pia pendekezo la kumtumia vijana wenye nguvu wamkamate usiku.

Usitie saini mkataba unaokuzuia kumwona mtoto kwa miezi ya mwanzo. Muone kila wiki, nyinyi wawili peke yenu, na utazame vifundo vya mikono na miguu kama vina alama za kamba au minyororo. Ukimkuta shingo imepinda upande mmoja, taya limekaza na ulimi mzito, yaelekea amechomwa sindano ya kutuliza kama haloperidoli bila uangalizi. Hali hiyo hutibika haraka, ila mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Ukizuiwa kumtoa, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni hiyohiyo Tanzania na Kenya. Kabla ya kuondoka, dai uandikiwe jina la dawa, kiasi na saa aliyochomwa. Wakikataa, piga picha hata kichupa kitupu, kwa sababu daktari atakiulizia.