Bango linalosomeka kutoka ng'ambo ya barabara

Msimu wa korosho ukikaribia, viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, hawakauki kwenye steshenari yangu hapa Masasi. Kila mmoja na karatasi yake, imeandikwa mbele na nyuma: "Haya yote yaingie kwenye bango." Hayaingii. Kabla sijagusa kompyuta nauliza: litabandikwa wapi, na msomaji atasimama umbali gani?

Kwa kila mita 3 za umbali, herufi kubwa isipungue kimo cha sentimita 2.5. Kwenye kompyuta hiyo ni kama saizi 100. Usidanganywe kwamba saizi 72, kwa kuwa ni inchi moja (kama sentimita 2.5), inatosha. Saizi inahesabu na nafasi ya juu na chini ya herufi. Wa mita 9 anataka sentimita 7.5, na hapo hata A3 iliyolazwa, yenye upana wa sentimita 42, inabeba herufi tano au sita tu kwa mstari. MNADA inaenea. "Kwa heshima na taadhima, uongozi unapenda kuwatangazia wakulima wote" haienei, basi ifute. Futa na ile "TANGAZO! TANGAZO! TANGAZO!" Karatasi iko ukutani, nani hajui kuwa ni tangazo?

Kinachobaki ni jambo lenyewe, siku, saa na mahali, kwa mpangilio huo. Maelezo mengine yaandike kwa herufi ndogo za kawaida chini, yaanzie kushoto, kwa ajili ya atakayesogea. Namba ya simu itenganishe: nne, tatu, tatu. Fonti za mikogo tuwaachie wa kadi za harusi.

Kwenye rangi ndiko tunakobishana. Wengi wanataka nyekundu juu ya kijani, eti inavutia. Wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo. Mteja akikaza shingo napiga picha kwa simu na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe: maandishi yanamezwa mbele ya macho yake. Nyeusi juu ya manila ya njano haijawahi kuniangusha. La kukaa nje liprintiwe kwa tona (wino wa unga), maana wino wa maji hauhimili jua wala mvua.

Toa nakala moja, ibandike, mwite mtu asiyehusika asome kutoka ng'ambo. Kisha fungua kalenda kabla ya kudurufu: hiyo Ijumaa iwe kweli Ijumaa.