Jinsi ya Kuchagua Kinga ya Bodi ya Pikapu Mombasa

Mwenye pikapu anapoingia dukani Mombasa kutafuta kinga ya bodi, yaani ya sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo, muuzaji humwuliza kwanza ana pesa ngapi, kisha humwonyesha iliyopo. Swali linalopaswa kutangulia ni jingine kabisa: maji yakishaingia katika bodi hii yatapita wapi, na yatakaa muda gani kabla ya kukauka? Katika miji ya bara kinga hununuliwa hasa kwa ajili ya mikwaruzo na mabonyeo, na hilo lina maana huko. Kwetu Pwani mkwaruzo ni mwanzo tu wa shida, kwa sababu kinachoufuata ni chumvi.

Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu wa hewani hadi ikageuka maji pale unyevu wa hewa unapofika takriban asilimia 75, na hewa ya Mombasa hukivuka kiwango hicho karibu kila usiku, hata katika miezi ya kaskazi ambapo mvua ni haba. Kwa hiyo bodi iliyopigwa na upepo wa bahari pale Likoni wakati gari likisubiri feri, au iliyobeba makasha ya samaki yanayochuruzika maji ya barafu, hulala ikiwa na majimaji hata kama haikuguswa na tone la mvua. Kinga iliyoshikamana na chuma kila mahali huyazuia maji hayo. Kinga inayokifunika chuma bila kushikamana nacho huyapa maji kivuli, nayo hayakauki.

Jambo hili nililijua kwa gharama. Pikapu yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, nayo ilikuwa na kinga nyeusi ya plastiki iliyong'arishwa vizuri, hata nikaihesabu kuwa sababu mojawapo ya kukubali bei. Miezi michache baadaye nilimpelekea mzee mmoja, fundi wa bodi huko Changamwe, anitengenezee kufuli ya mlango wa nyuma. Aligonga ile plastiki kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaniambia, "Mwanangu, hii tuitoe. Lete na tochi." Tulipoiinua ilikuwa na uzito usio wake, kwani mchanga uliolowa ulikuwa umejaa katika migongo yake ya chini. Mlikuwa na magamba ya samaki, msumari wa inchi nne, na rangi iliyolika kwa mistari iliyonyooka mahali hasa plastiki ilipokuwa ikisugua. Karibu na tuta lililo juu ya gurudumu la kulia kutu ilikuwa ikibanduka tabaka kwa tabaka mfano wa chapati ya kusukuma. Mzee aliisukuma bisibisi kidogo tu ikapenya, nasi tukaiona sakafu ya gereji kupitia tundu lile.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kuchagua kinga huanzia katika bodi yenyewe, kabla ya kwenda kwa muuzaji yeyote. Ikiwa ndani mna kinga ya zamani, itolewe yote. Ingia chini ya gari kwa tochi, utazame sakafu ya bodi kutoka upande wa chini, hasa mahali inapokutana na fremu na pembe za karibu na mlango wa nyuma, ambapo tope hujikusanya. Chukua sumaku ndogo, uifunge katika kitambaa laini ili isikwaruze rangi, uipitishe juu ya chuma polepole. Mahali itakapolegea ghafla huenda pamepakwa puti kuziba tundu. Hakikisha pia kwamba matundu ya kutolea maji yako wazi. Kutu ikipatikana ikwanguliwe hadi chuma cheupe, pachomelewe ikibidi, kisha papakwe praima ya kuzuia kutu. Hakuna kinga yoyote, hata iwe ghali namna gani, inayotibu kutu iliyokwisha kuanza.

Baada ya hapo ndipo mtu aangalie aina zilizopo. Ile ya plastiki ngumu, inayofinyangwa kwa umbo la bodi na kupachikwa ndani, ndiyo inayoonekana zaidi barabarani. Haina budi kutendewa haki: ni nyepesi, hufungwa kwa muda mfupi, na jiwe likiiangukia hunepa na kurudi, hivyo chuma hakibonyei kwa urahisi. Udhaifu wake ni ule niliousimulia. Haigandi kwenye chuma, hutikisika gari linapotembea, na mchanga ulioingia katikati hufanya kazi ya msasa kila siku. Tena ina utelezi. Kasha lililowekwa bila kufungwa husafiri kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kila dereva anapokanyaga breki. Anayeichagua aichague iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lake hasa, kwa modeli, mwaka na aina ya kabini, kwa sababu bodi ya Hilux yenye kabini moja haina vipimo vya yenye kabini mbili, na kinga inayodaiwa kutosha magari yote huacha mianya. Akatae kutobolewa chuma ikiwa kuna njia ya kuifunga kwa vibanio. Ikilazimu kutoboa, kingo za kila tundu zipakwe praima kabla ya skrubu kuingia. Kisha akubali wajibu wa kuiinua kila baada ya miezi mitatu, na asiyekuwa tayari kwa wajibu huo asiinunue.

Kinga ya kupuliziwa ndiyo ninayoipendelea kwa gari la Mombasa, lakini ndiyo pia inayoharibiwa zaidi na kazi mbovu, kwa hiyo inahitaji maelezo marefu kidogo. Hutengenezwa kwa kemikali mbili zinazokutana kwenye bunduki ya kupulizia na kugeuka kuwa ngozi ngumu yenye asili ya mpira, ya poliurethani au poliurea, iliyoshikana na chuma bila kuacha nafasi. Kazi nzuri huwa na unene wa kama milimita 2 hadi 3, na sakafuni huweza kuzidi. Poliurea hukauka kwa sekunde chache tu, hivyo huhitaji mashine inayopasha moto na kusukuma kwa shinikizo kubwa; fundi mwenye bunduki ya kawaida ya rangi hawezi kuipuliza. Zipo pia kopo za kupaka kwa brashi au rola, ambazo hutoa ngozi nyembamba zaidi. Hizo zinafaa kwa anayebeba mizigo myepesi au anayetaka kuziba mikwaruzo, ila zisiuzwe kana kwamba ni kitu kimoja na kile cha mashine.

Adui wa kazi hii ni unyevu na chumvi iliyobaki. Kemikali moja kati ya zile mbili hupambana na maji na kutoa gesi, ndiyo maana kinga iliyopulizwa juu ya chuma chenye umande huwa na malengelenge na vitundu. Kanuni ya wapakaji rangi wa vyuma ni kwamba joto la chuma lizidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa huanza kuacha umande, kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi. Kwa lugha ya gereji, kazi isianze alfajiri, isifanywe uwanjani baada ya manyunyu, na katika masika, hasa mwezi wa Mei ambao huleta mvua nyingi kuliko mingine hapa, ni heri kungoja wiki mbili kuliko kuharakishwa. Chumvi iliyoachwa chini ya kinga huvuta maji kupitia ngozi ile hadi ikainuka. Kwa hiyo mwulize fundi atasafishaje. Jibu la kuridhisha litataja kuosha kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi, kutoa mafuta, kupiga msasa hadi mng'ao wote wa rangi uishe, kuosha tena, na kukausha kabisa. Akisema atafuta vumbi kwa kitambaa na kupuliza, mshukuru uondoke.

Omba pia uonyeshwe gari alilolifanyia kazi mwaka mmoja au miwili nyuma. Usitazame katikati ya sakafu, kwani huko kila kazi hupendeza. Tazama ukingoni, pale kinga inapoishia juu ya kuta na kwenye bawaba za mlango wa nyuma, ukajaribu kwa ukucha kama imeanza kufunguka. Tazama kama bolti na kulabu za kufungia kamba zilitolewa kabla ya kupuliza, au zilizikwa humo humo kiasi kwamba hazitafunguka bila kuichana kinga. Uliza kama rangi ya juu inastahimili jua, kwa sababu nyingi za bei nafuu huanza nyeusi na kuishia kijivu. Kupauka huko hakupunguzi nguvu mara moja, lakini ni haki yako kujua mapema. Na ukiwa hapo, mwangalie fundi mwenyewe. Mvuke wa kemikali hizi unaweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Gereji inayowaacha vijana wake wapulize bila barakoa ya hewa safi isipewe kazi, kwa ajili ya vijana hao kwanza.

Mkeka mzito wa mpira, wenye unene wa milimita 6 hadi 10, ni kitu cha tatu, nami nauheshimu sana. Hushika mzigo usiteleze, hupunguza kishindo cha jiwe, na unaweza kuuvuta nje, ukaosha, ukaurudisha. Hauzilindi kuta za bodi, na ukiachwa wiki nyingi bila kuinuliwa utafuga maji kama plastiki. Chagua wenye mifereji upande wa chini inayoelekea mlango wa nyuma.

Mbao za plaiwudi ya majini hazivutii macho, lakini anayebeba mawe ya matumbawe kutoka machimboni Tiwi au Kilifi hufaidika nazo, mradi kingo zake zipakwe rangi pande zote ili zisinyonye maji. Zikichakaa hubadilishwa bila majuto. Bati la alumini lenye maua sikushauri ulifunge moja kwa moja juu ya chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na moja huliwa upesi. Aliyekwisha kuamua kuliweka alitenganishe na chuma kwa mpira, na bolti zake ziwe na washa za plastiki.

Basi mtu achague kwa mzigo wake. Kwa samaki na barafu ningepuliza, nikamwomba fundi alainishe sakafu, kwa sababu kinga iliyopulizwa ikiachwa na chembe kali juu yake hushika magamba na harufu, na mafuta ya samaki huulegeza mpira wa kawaida. Kwa mawe, nondo na kokoto ningepuliza kisha nikatandika mkeka wa mpira au plaiwudi juu yake. Kinga ya kupuliziwa peke yake huzuia mkwaruzo lakini haizuii bodi kubonyea. Kwa magunia ya nazi au ya nafaka yanayoburutwa kuingia na kutoka soko la Kongowea, chembe kali sana huchana magunia na kuumiza magoti ya wapakiaji, hivyo chembe ndogo hutosha. Na mwenye mizigo mchanganyiko myepesi, asiye na fedha za kupuliziwa kwa mashine, afadhali mkeka mzuri juu ya rangi nzima kuliko plastiki isiyomtosha. Kila kinachoongezwa kina uzito pia: plaiwudi ya milimita 18 katika bodi ndefu hukaribia kilo 40, nazo hutoka katika uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Kwa gari jipya, pata jibu la maandishi kutoka kwa aliyekuuzia kama kutoboa au kupiga msasa kutaathiri dhamana ya kutu.

Makubaliano na fundi yaandikwe: aina ya kemikali, unene utakaopimwa baada ya kazi, sehemu zitakazofunikwa, na muda atakaorekebisha bila malipo ikibanduka. Kinga ikishapulizwa, ipe angalau siku moja kabla ya mzigo mwepesi, na siku kadhaa kabla ya mawe. Kisha ioshe kila wiki, na kila baada ya kubeba samaki, kwa maji ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya kisiwani na kandokando ya pwani vina maji ya chumvi, na kuosha gari kwa maji hayo ni kulirudishia kile unachokitoa.

Limebaki onyo moja ambalo halihusu kutu. Mtungi wa petroli usijazwe ukiwa umesimama juu ya plastiki au mpira wa bodi. Petroli inayotiririka huzalisha umeme tuli, na kinga hizo huuzuia usipite kwenda ardhini, kwa hiyo cheche moja kati ya mtungi na bomba la pampu inaweza kuwasha moto. Uteremshe mtungi, uuweke chini kwenye sakafu ya kituo, bomba liguse mdomo wake muda wote wa kujaza, ndipo uupandishe tena na kuufunga kwa kamba.